Maswali ya wasomaji: Mfanyabiashara aliyegusa mifuko ya wafanyabiashara

SWALI: Habari za kazi ndugu mwandishi, mi ni msomaji wenu wa siku nyingi nipo Tanga. Juzi kijiweni tumebishana sana, mwenzetu mmoja anasema mfanyabiashara ukimpa uongozi nchi imeisha maana atalinda duka lake tu, mi nikamwambia mbona vile vinchi vidogo vya Ulaya vinaongozwa na haohao na mambo yanaenda, akaniambia taja jina hata moja, nikakwama. Nisaidie jina.

JIBU: Ndugu yangu wa Tanga jina lipo, Òscar Ribas Reig wa Andorra, ila ukirudi nalo kijiweni lisimulie lote maana hata mwenzako ana kipande chake cha haki humu.

Andorra ni kilomita za mraba 468 tu, imebanwa milimani kati ya Hispania na Ufaransa, na tangu mkataba wa 1278 ina watawala wawili kwa pamoja. Siku hizi mmoja ni askofu wa Urgell kule Hispania na mwingine ni rais wa Ufaransa, yaani Wafaransa wakipiga kura kwao wamewachagulia na majirani zao mtawala. Pesa yao ni benki, hoteli za watalii wa theluji na maduka yenye bidhaa za bei nafuu kwa sababu kodi ilikuwa karibu hakuna.

Sasa huyu Ribas kazaliwa 1936 Sant Julià de Lòria, mji wa tumbaku, akasoma sheria Barcelona, akafanya biashara, akaingia siasa, na Januari 1982 bunge lao wanaloliita Consell General likamchagua kuwa Mkuu wa Serikali wa kwanza kabisa, cheo hicho hakikuwepo kabla ya mageuzi ya 1981. Hajakaa hata mwaka, Novemba 1982 ikaja mvua kubwa na mafuriko yakaharibu sana, halafu uchumi wa Ulaya nzima ulikuwa umedorora, hazina ikabaki na pengo. Hapo ndipo mi namheshimu huyu mzee. Serikali yake ikapeleka pendekezo la kutoza kodi amana za benki, vyumba vya hoteli na mauzo ya nyumba na viwanja, yaani pale pale pesa ilipokuwa imelala, kwa watu anaokula nao na kufanya nao biashara. Wenye benki na wenye hoteli wakawa mbogo, bungeni ikakwama, Aprili 1984 serikali ikajiuzulu. Kwa hiyo mwenzako wa kijiweni hajakosea kwamba wafanyabiashara hulinda duka, walilinda kweli, alichosahau ni kwamba aliyeenda kinyume nao naye alikuwa mfanyabiashara!

SWALI: Nami naomba kujua, kama wana watawala wawili wasiochaguliwa na wananchi, waliwezaje kupata katiba? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ni huyuhuyu Ribas, dada yangu, au kaka, hukuandika jina. Alirudi madarakani 1990 na safari hii kazi kubwa ikawa katiba, maana mpaka wakati huo hata vyama vya siasa havikuruhusiwa kisheria. Haikwenda laini, wahafidhina wakaweka ngumu, watu wakaandamana, Januari 1992 bunge likavunjika, ukaitishwa uchaguzi Aprili na yeye akarudishwa. Tarehe 14 Machi 1993 wananchi wakapiga kura ya maoni, asilimia 74 hivi wakasema ndiyo, na askofu na Mitterrand, rais wa Ufaransa wa wakati huo, nao wakatia saini katiba iliyowabakiza wao kuwa wakuu wa nchi wenye mamlaka machache huku madaraka yakihamia kwa wananchi. Julai 28 mwaka huohuo Andorra ikawa mwanachama wa 184 wa Umoja wa Mataifa, na Ribas akasimama New York akahutubia kwa Kikatalani, lugha ya nyumbani kwao, mbele ya dunia nzima. Sisi tunaoililia lugha yetu itumike kwenye vikao vikubwa tunajua hiyo ina uzito gani.

Lakini siasa haina shukrani ya kudumu. Uchaguzi wa kwanza wa vyama, Desemba 1993, chama chake kilipata viti 8 kati ya 28, akaunda serikali ya kuungaunga na Novemba 1994 akapoteza kura ya imani, akaingia Marc Forné.

Na ile kodi? Andorra ilianza kutoza kodi ya mapato ya watu binafsi 2015, kiwango cha juu asilimia 10, miaka 31 baada ya serikali yake kuanguka. Ribas alikuwa hai bado, ana miaka 78. Alifariki Desemba 2020.