Pepopunda na GABA: kwa nini misuli inakataa kulegea

Dada, umeuliza kwa nini mgonjwa wa pepopunda uliyemhudumia kwenye staji hapa Bukavu alikakamaa mwili mzima, ilhali mwalimu alisema sumu yake “inazuia”. Swali zuri sana. Inachozuia ni breki yenyewe, yaani ishara zinazoituliza misuli.

Seli za neva za kutuliza hutengeneza GABA, kemikali inayotuliza seli nyingine za neva, kutokana na kemikali nyingine iitwayo glutamati, kwa msaada wa vitamini B6. Protini maalumu huisukuma ndani ya vifuko vidogo, ambavyo hukaa tayari kwenye ncha ya neva. Ishara ikifika, kalsiamu huingia, protini za kifuko na za utando wa neva husokotana, kifuko hufunguka na GABA humwagika. GABA ikifika kwenye seli jirani, kloridi huingia humo, nayo inatulia. Kisha GABA hurudishwa ndani itumike tena.

Sasa tazama sumu: hupanda kupitia neva ya misuli hadi uti wa mgongo, huingia seli za kutuliza na kukata sinaptobrevini, mojawapo ya zile protini zinazosokotana. Vifuko vimejaa GABA na glisini (kemikali nyingine ya kutuliza), lakini havifunguki! Hapo hata mlango ukibamizwa mgonjwa anapinda mgongo.

Dawa ya diazepamu huongeza nguvu ya GABA kidogo inayofika. Ila kingasumu, dawa ya kuidhibiti sumu, haiigusi sumu iliyokwisha kuingia ndani ya neva, ndiyo maana nakusihi: isicheleweshwe hata saa moja, na chumba kiwe kimya. Kupona huchukua wiki kadhaa, waelezeni ndugu zake mapema.