Barua kwa mwanangu: Mazishi ya wanakijiji yaliyoenea ukuta mzima

Neema mwanangu,

Marahaba, mama. Ujumbe wako tumeupata. Unasema uliingia jumba la makumbusho la Orsay hapo Paris, ukasimama mbele ya picha ya mazishi pana kuliko sebule yetu, ukaitazama weee usione cha ajabu: watu wa nguo nyeusi, padri, kaburi, mbwa. Sasa unaniuliza, “Baba, hii ndiyo wanaiita mapinduzi? Na picha inaweza kubadilisha nini?”

Picha hiyo ni ya mchoraji Gustave Courbet, inaitwa Mazishi ya Ornans. Ornans ni mji mdogo wa mashariki mwa Ufaransa, ndiko kwao. Upana wa picha unazidi mita 6 na nusu, kimo chake mita 3. Mimi nimeifundisha miaka mingi kutoka kwenye kitabu ambamo imebanwa ikatosha kiganja, na sikuwalaumu wanafunzi waliosinzia. Kitabuni picha zote zinalingana, na kwenye simu ndiyo kabisa. Kumbe ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya ukubwa.

Wakuu wa sanaa wa Ufaransa walikuwa wamezipanga picha kwa madaraja. Juu kabisa walikaa wafalme, vita, miungu ya Wagiriki na visa vya Biblia. Chini yake picha za watu, kisha maisha ya kila siku, mandhari, na mwisho kabisa matunda na vyombo vya mezani. Turubai kubwa, yaani kile kitambaa cha kuchorea, ilikuwa haki ya daraja la kwanza. Mkulima aliruhusiwa kuchorwa, lakini kwa picha ndogo ya kutundika chumbani, na mara nyingi awe anachekesha. Pa kujulikana palikuwa mahali pamoja tu, maonyesho ya serikali yaliyoitwa Salon. Waamuzi wa hapo wakikukataa, wanunuzi nao hawakuoni.

Sasa weka tarehe karibu. Februari 1848 mfalme wa Ufaransa aling’olewa, na wanaume wote watu wazima wakapewa kura. Wapiga kura waliokuwa kama 250,000 wakawa milioni 9 hivi. (Wanawake hawakuhesabiwa, wala hawakuhesabiwa kwa miaka mingi iliyofuata.) Aprili ya mwaka huohuo utumwa ukafutwa katika makoloni ya Ufaransa. Tajiri wa Paris akagundua kwamba mtu wa shamba ana kura sawa na yake. Kisha anaingia Salon iliyofunguliwa mwishoni mwa 1850, anamkuta mtu huyohuyo ukutani, kwa kimo cha mtu halisi, mahali alipozoea kumwona Napoleon juu ya farasi. Wakosoaji walilalamika kwamba sura ni mbaya. Kwa maoni yangu sura zilikuwa kisingizio. Kilichowatisha ni wingi wa watu hao wa shamba.

Ukirudi, tafuta shujaa katika ile picha. Hayupo. Meya, padri, mchimba kaburi aliyepiga goti, dada zake Courbet mwenyewe, wote wako msitari mmoja, hakuna aliyeinuliwa juu ya mwenzake. Marehemu hatuambiwi ni nani. Mbwa kageuza kichwa, na baadhi ya watu mawazo yao yako mbali. Aliyewahi kwenda kuzika anajua kuwa ndivyo ilivyo. Hata kwetu hakosekani mtu makaburini anayeuliza kwa sauti ya chini gari la kurudi liko wapi.

Watu wadogo walishawahi kupewa turubai kubwa. Mwaka 1819 mchoraji Théodore Géricault alionyesha manusura wa meli ya Medusa, iliyokwama pwani ya Mauritania mwaka 1816. Watu kama 147 walipakiwa kwenye chelezo, wakaokolewa 15. Juu kabisa ya ile rundo la miili yupo mtu mweusi anayepunga kitambaa. Lakini pale kulikuwa na maafa na kelele. Courbet aliondoa hata hayo, akabakiza Jumatatu ya kawaida.

Picha ilibadilisha nini? Serikali haikuibadilisha: Desemba 1851 Louis-Napoléon, rais wa wakati huo, alipindua nchi, mwaka uliofuata akajiita mfalme mkuu. Ila mwaka 1855, Mazishi yalipokataliwa kwenye Maonyesho Makuu ya Dunia ya Paris, Courbet alijenga banda lake karibu na hapo, akaweka picha zake, akatoza kiingilio. Hilo naliona kubwa kuliko picha yenyewe. Mwaka 1874 wachoraji Monet, Degas, Berthe Morisot na wenzao nao walifanya maonyesho yao bila waamuzi, katika iliyokuwa studio ya mpiga picha Nadar. Vitabu vinapenda kueleza mwanga na rangi zao, nami sibishi, lakini mtu hawezi kuchora ukungu wa alfajiri kama anawaza ofisa wa serikali atasema nini. Courbet hakuifaidi sana njia aliyoifungua. Baada ya machafuko ya Paris ya 1871, ambayo alishiriki, alifungwa miezi sita, akakimbilia Uswisi, akafia huko 1877.

Katika jumba hilohilo iko picha ya Édouard Manet, Olympia, iliyozua kelele kwenye Salon ya 1865. Watu walimkodolea macho mwanamke mweupe aliye uchi kitandani. Wewe mtazame yule mweusi anayeleta maua. Katika kitabu changu kisicho na rangi giza la nyuma limemmeza, nami nilipita naye darasani mwaka baada ya mwaka bila kumtaja. Anaitwa Laure, Manet aliandika jina na anwani yake katika daftari. Mwaka 2019 Orsay waliandaa maonyesho kuhusu watu weusi katika picha za Ufaransa, na Laure akawa miongoni mwa waliozungumziwa zaidi. Duka la hapo likiwa na kitabu cha maonyesho hayo, ninunulie, hata kama ni cha Kifaransa. Utanisomea kwa simu.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako