Mbona jua la asubuhi halikunisaidia?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, na naishi Kibokoni, Mombasa. Desemba iliyopita nilikwenda Toronto, Kanada, kwa mama mdogo. Kule nilizoea haraka, lakini niliporudi, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, nilikaa macho hadi adhana ya alfajiri, kisha nikawa nasinzia darasani kila ifikapo saa tano. Mwalimu alinihesabu mvivu. Nyumbani niliambiwa niote jua la asubuhi, nami nikafanya hivyo barazani kila siku, lakini hali ikazidi kuharibika. Desemba hii tunakwenda tena. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza jiondolee lawama ya uvivu. Msimu huo Mombasa huitangulia Toronto kwa saa 8, kwa hivyo saa tano ya asubuhi uliyokuwa ukisinzia ilikuwa, kwa mwili wako, saa tisa ya usiku. Na taa zilipozimwa nyumbani saa nne usiku, mwili ulijiona uko saa nane mchana.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali inapopishana mishipa ya macho, kuna kifungu kidogo cha seli kinachopanga nyakati za usingizi na joto la mwili. Saa hiyo hurekebishwa zaidi na mwanga unaoingia machoni, na kwa watu wengi mzunguko wake huzidi saa 24 kidogo. Ndiyo maana kwenda magharibi, ambako siku ya safari hurefuka, kulikuwa kwepesi, na kurudi mashariki kukakulemea.

Ama jua la asubuhi, ushauri huo humfaa aliyevuka saa mbili au tatu, kama atokaye Uingereza, lakini kwa saa 8 waweza kudhuru, na nasikitika kwamba wengi huupokea bila kuambiwa hivyo. Joto la mwili hushuka hadi chini kabisa kiasi cha saa mbili au tatu kabla ya wakati uliozoea kuamka. Mwanga unaokuja baada ya hapo huivuta saa ya mwili iwahi, na unaokuja kabla yake huichelewesha. Ikiwa Toronto ulikuwa ukiamka saa mbili asubuhi, ambayo hapa ni saa kumi alasiri, basi siku ya kwanza joto lako lilifika chini kabisa kati ya saa saba na saa nane mchana. Jua uliloota barazani saa moja asubuhi liliukuta mwili wako katika saa tano ya usiku, likaisukuma saa yako izidi kuchelewa.

Safari hii, siku tatu za mwisho huko Toronto, lala na uamke saa moja mapema zaidi kila siku, na ukiamka washa taa zote, kwani jua la Desemba kule huchelewa kuchomoza. Ukifika Mombasa, siku ya kwanza kaa kivulini asubuhi, kisha toka juani kuanzia saa tano hivi, kwani zile saa tatu ulizotanguliza Toronto zitakuwa zimekirudisha kile kipindi cha joto la chini kabisa hadi kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kutembea kandokando ya bahari pale Mama Ngina kwatosha. Kila siku inayofuata, toka mapema kuliko jana yake kwa muda wa saa moja, mpaka jua la asubuhi likufae kweli.

Mchana ukizidiwa, lala dakika 20, usipite saa tisa alasiri. Kahawa na kashata za jioni ziache kwa wiki hiyo, na simu isikae kitandani. Vidonge vya usingizi usimeze bila daktari.

Na zaidi ya yote, mwombe mama tiketi ya kurudi iwe ya wiki nzima kabla ya shule kufunguliwa, kwani mwili hurudi mashariki kwa takriban saa moja kwa siku, na siku mbili ulizopewa mwaka jana zilikuwa chache mno.