Ndoa ya miaka ya 1790 haionekani parokiani: anzia kwa bibi harusi

Dada, umesema babu wa ukoo wa mumeo alizaliwa na kuzikwa kijiji kimoja cha Norfolk, Uingereza, lakini ndoa yake ya miaka ya 1790 huioni kwenye daftari la kanisa. Usihangaike na kijiji hicho tena. Mara nyingi harusi ilifungwa parokiani kwa bibi harusi, hivyo angalia vijiji jirani.

Sheria ya Hardwicke, sheria ya ndoa ya Uingereza, ilianza kutumika Machi 1754, na kuanzia hapo matangazo ya ndoa (yaliyosomwa kanisani kabla ya harusi) yaliandikwa pia. Kama bwana na bibi walitoka parokia mbili, yalisomwa Jumapili tatu kote kuwili. Kwa hiyo hata kama harusi haimo kijijini kwake, tangazo laweza kuwemo, na litataja parokia ya mwanamke. Kama walioana kwa leseni (kibali cha kanisa), hakukuwa na tangazo; hapo fuata nyaraka za dayosisi.

Ukiipata, usitegemee majina ya baba zao. Hayo yalianza Julai 1837 (ya mama yalingoja hadi 2021, ajabu kweli!). Utakuta parokia zao, sahihi au alama ya X kwa asiyejua kuandika, na mashahidi wawili. Hao mashahidi wachunguze sana: shahidi mwenye ubini wa bibi harusi huenda ni kaka yake, ingawa wengine walikuwa watumishi wa kanisa tu na majina yao yanajirudia kila ukurasa.

Ukurasa ukiwa umeliwa na unyevu, omba nakala zilizopelekwa kwa askofu kila mwaka.