Kabla Meli Haijatia Gati: Ushauri kwa Mwanafunzi wa Kusini Anayekwenda Kusoma Baharini

Wanafunzi wa hapa Mtwara wanaotafuta nafasi za masomo ya nje, wakisikia kwamba niliwahi kusoma muhula mzima ndani ya meli, huniuliza kwanza ni nchi zipi nilizoziona. Huwajibu, kisha huwaomba tuzungumzie jambo ambalo ni nadra kuulizwa, nalo ni siku mbili za mwisho kabla ya meli kuingia bandarini. Naamini kabisa kwamba mwanafunzi huipata au huikosa nchi ya watu akiwa bado majini. Anayeshuka bila kujua anakwenda wapi, anataka kuzungumza na nani na anatafuta kujifunza nini, zile siku chache za bandarini humponyoka, na meli haina desturi ya kumsubiri mtu.

Kwa asiyezifahamu safari hizi, inayojulikana zaidi ni programu ya Semester at Sea, ambayo mwaka 2016 ilianza kusimamiwa kitaaluma na Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado nchini Marekani, na ambayo hutumia meli ya MV World Odyssey iliyojengwa Ujerumani na kuanza kazi mwaka 1998. Safari moja huchukua siku 100 hivi. Vipindi hufundishwa meli ikiwa njiani, na ikishatia gati madarasa husimama, isipokuwa ile ziara ya mafunzo ambayo kila kozi huifanya katika bandari mojawapo. Mpangilio huu ni mzuri, lakini una matokeo yake: kazi za kuandika na majaribio hujazana siku zilezile unazopaswa kujiandaa kushuka. Ushauri wangu ni kwamba kila kazi inayodaiwa kabla ya bandari uimalize walau siku mbili mapema, hata kama utalazimika kukosa sherehe moja au mbili za wenzako. Insha inayoandikwa usiku wa kuamkia bandari huwa mbovu, na mwandishi wake hushuka asubuhi akiwa hoi.

Usingizi wenyewe una hesabu yake baharini. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo meli inayoelekea magharibi hurudisha saa nyuma mara kwa mara na kukuongezea muda wa kulala, ilhali inayoelekea mashariki husogeza saa mbele na kukupunguzia. Safari ya kuelekea mashariki huchosha kuliko watu wanavyodhani, maana unaweza kupoteza saa moja leo na nyingine keshokutwa, na kengele ya kipindi cha kwanza haibadiliki. Lala mapema kuanzia siku ya pili kabla ya kufika. Kwa wenzangu Waislamu, ambao ni wengi huku pwani yetu, nyakati za swala nazo huhama pamoja na saa, na kibla hubadilika kila meli inapogeuza omo. Msitegemee dira ya simu mkiwa ndani ya kabini, kwa sababu chuma cha meli huipotosha. Ni bora kumwuliza afisa wa zamu meli inaelekea upande gani, kisha mkadirie wenyewe.

Kuhusu karatasi, Mtanzania ajisimamie mwenyewe. Wengi wa wenzako watakuwa na pasipoti za Marekani, na mazungumzo ya mezani kuhusu viza yatakuwa ya kwao. Mmarekani huingia Hispania kwa matembezi mafupi bila viza, lakini wewe unahitaji viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, nayo ni lazima iombwe kabla ya kuondoka nyumbani, kwa kuwa katikati ya bahari hakuna ubalozi. Afrika Kusini, kinyume chake, humpokea Mtanzania bila viza kwa muda usiozidi siku 90. Pitia bandari moja baada ya nyingine, uandike kwa mkono wako kila nchi inakudai nini. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano usiitenganishe na pasipoti, maana nchi kama Ghana huidai. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa, na tangu mwaka 2016 cheti chake ni cha maisha yote, hivyo hakuna sababu ya kuiacha hadi wiki ya safari. Mara nyingi ofisi ya meli ndiyo huhifadhi pasipoti njia nzima. Toa nakala zake ukiwa bado Mtwara, ubaki na moja mfukoni na nyingine kwenye begi.

Siku ya kuingia, nakusihi uamke kabla ya alfajiri na kupanda sitaha ya wazi. Utaiona boti ndogo ikitoka bandarini na kujibandika ubavuni mwa meli, ambako ngazi ya kamba yenye vidato vya mbao imekwisha teremshwa. Rubani wa bandari, yaani mwenyeji anayekuja kuiongoza meli hadi gatini, husimama ukingoni mwa boti yake, huku mkono mmoja ukiwa tayari, akingoja wimbi liinyanyue boti hadi kimo chake cha juu kabisa ndipo aidake ngazi na kuanza kupanda bila kusita. Akiidaka boti ikiwa chini, wimbi linalofuata litaipandisha na kumbana miguu. Muda mfupi baadaye hupandishwa bendera yenye nusu nyeupe na nusu nyekundu, kuujulisha umma wa baharini kwamba rubani yumo melini. Tazama pia bendera ya njano, ambayo meli huipandisha kueleza kwamba haina ugonjwa na inaomba ruhusa ya kuwasiliana na nchi kavu. Hadi maofisa wa afya na wa uhamiaji watakapomaliza kazi yao, hakuna anayeshuka, kwa hiyo usimpe mtu wa nchi kavu ahadi ya saa moja baada ya kutia gati. Sisi tuliozoea kuzitazama meli kutoka Shangani, hapa Mtwara, zikiingia kupitia mlango mwembamba wa ghuba yetu tunajua kwamba kazi hii haiharakishwi.

Nahodha, pamoja na ujuzi wake wote, humsikiliza mwenyeji anayeijua mikondo na kina cha mahali pale, na mwanafunzi naye anahitaji mwenyeji wake. Safari hizi zina utaratibu mwema wa kumpandisha melini, kutoka bandari iliyotangulia, mwanafunzi wa nchi inayofuata ili asafiri na kuzungumza na wenzake. Nilishangaa kuona jinsi alivyozungukwa siku ya kwanza na kuachwa peke yake siku ya pili. Kaa naye mezani siku hiyo ya pili. Usimwulize vivutio, kwa sababu hivyo vimo katika kila kitabu cha watalii. Mwulize mama yake hununua wapi mboga, nauli ya daladala za kwao ni kiasi gani, mgeni husalimiaje wazee, na ni jambo gani wageni hulifanya likawaudhi wenyeji. Yaandike majibu. Kikao cha maelekezo kinachofanyika jioni ya kuamkia bandari hukihudhuria kila mtu, na kina manufaa yake kwa usalama na ratiba, lakini hakiwezi kukupa nauli ya daladala.

Hapo ndipo mtoto wa mji wa bandari anapokuwa na faida ambayo wenzake wa bara hawana. Tunajua kwamba langoni mwa bandari si mjini. Msimu wa korosho unapoanza, kuanzia Oktoba, na meli zikija kupakia hapa kwetu, baharia anayetoka getini hukutana na bei ya baharia, na akirudi melini hueleza kwamba Mtwara ni ghali, wala hajafika soko kuu, wala hajavuka ghuba kwenda Msangamkuu. Nawe huko ugenini utakuwa yule baharia. Wanaokukimbilia getini wanatafuta riziki kwa halali, nao wanastahili kujibiwa kwa adabu. Lakini tembea, toka kabisa katika eneo la bandari, ulizia kituo cha usafiri wanaoupanda wafanyakazi wenyewe wa bandari, ndipo uanze siku yako. Nenda na mwenzako mmoja au wawili. Kundi la watu kumi na watano huzungumza lenyewe kwa lenyewe kutwa nzima, na mwenyeji hathubutu kuliingilia.

Fedha hazina maneno mengi. Shilingi yetu haibadilishwi huko, hivyo beba dola kiasi, noti safi zisizochakaa, na ubadilishe kidogo kidogo katika duka la fedha au benki.

Jambo la mwisho ni la kurudi, na ulipange kabla hujashuka. Siku ya kuondoka hutangazwa saa ambayo kila mwanafunzi awe amekwisha panda, na saa hiyo hutangulia ile ya kung'oa nanga, kwa sababu rubani na boti za kuvuta meli zimekwisha agizwa na gati linasubiriwa na meli nyingine. Anayechelewa hupunguziwa muda wa kushuka bandari inayofuata, na meli ikimwacha, atajitafutia usafiri wa kuifuata kwa gharama yake. Weka saa yako mwenyewe iitangulie ile iliyotangazwa kwa saa mbili au tatu. Simu huishiwa chaji, kwa hiyo andika kwenye karatasi jina la meli, namba ya gati, jina la geti unalopaswa kuingilia na namba ya wakala wa meli katika bandari ile, kwa herufi kubwa ambazo dereva wa teksi anaweza kuzisoma usiku.