Pointi gadi wenu msimwachie

Mdogo wangu, umeuliza kama timu yenu ya mpira wa kikapu ya Mwanga, Kigoma, imwachie pointi gadi, yule anayepandisha mpira na kupanga mashambulizi, aende Ujiji, nao wawape yule kijana mrefu, kwa kuwa msimu uliopita mlinyang'anywa rebaundi, ile mipira inayodunda baada ya kukosa kikapu, mechi baada ya mechi. Mimi nasema msikubali.

Urefu unadanganya macho. Ringi iko mita 3.05 kwa wote. Mpira ukirushwa tu, mgeukie mpinzani wako, mwekee mgongo, panua miguu, ndipo utazame juu. Hilo mtalizoea kwa jioni chache za mazoezi (ila ile saruji yenu imebanduka, chungeni vifundo vya miguu). Kuvusha mpira nusu ya uwanja ndani ya sekunde 8 huku unakabwa, halafu umwone mwenzako aliye wazi kabla ya sekunde 24 za kurusha kuisha, ni kazi ya miaka.

Februari 2025, kwenye ligi ya NBA ya Marekani, Dallas Mavericks walimtoa Luka Dončić, mpanga mchezo wao, kwa Lakers wakamchukua Anthony Davis, mtu wa chini ya ringi hasa. Davis akaumia mechi ya kwanza tu, na mashabiki wakaimba meneja afukuzwe. Nanyi mnataka kuyaleta hayo mwisho wa reli?

Mrefu mtafuteni kwingine. Nenda Kibirizi asubuhi mitumbwi ya dagaa inaporudi, uwaangalie vijana wanaopakua. Ukimwona mwenye mikono mirefu na kifua, mwalike mazoezini. Kudaka mpira atafundishwa, na bei yake ni nauli ya bodaboda.