Pweza wa Minyiri Saba

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi mzaliwa wa Tanga, mwaka wa nne huu niko Hamburg, nimeajiriwa kuchora nakshi za vitambaa. Majuzi niliwachorea pazia kwa mtindo wa kanga: pindoni korosho, mjini, yaani katikati, pweza. Pweza huyo ana minyiri saba. Bibi yangu alikuwa akichokoa pweza, na siku moja, nikiwa na miaka sita, akaleta mmoja aliyekatika mnyiri. Tangu hapo ndiye ninayemchora.

Mteja alipokuja, bosi akatandaza mchoro mezani, akasema umechorwa na mwenzangu, Mjerumani. Mimi nikaambiwa nilete kahawa. Mteja akahesabu, akauliza mnyiri wa nane uko wapi. Mwenzangu akakosa la kusema, nami nimesimama pale na sinia.

Nilipolalamika nikajibiwa: "Kwenu mnachora kimakosa, sisi tunasafisha." Na huyo mwenzangu huniita kwa jina la zamani la kitafunwa kimoja cha chokoleti cha huku, jina la kumdhalilisha mtu mweusi. Wengine hucheka. Sasa natakiwa nimwongeze pweza mnyiri, na nisaini karatasi kwamba kazi ni ya timu. Kibali changu cha kuishi kinategemea ajira hii. Nifanyeje?

Mchoraji, Hamburg

JIBU

Marahaba mwanangu. Karatasi hiyo usiisaini. Wakikubana, sema unaipeleka kwanza kwa mtu anayejua sheria.

Nisikufiche: pazia litauzwa, na hutalizuia. Mchoro uliouchora kazini, kwa mshahara, mwajiri ana haki ya kuutumia. Lakini sheria ya hakimiliki ya Ujerumani ya mwaka 1965 inamtambua mtunzi kuwa ni yule aliyebuni kazi, hata akiwa mwajiriwa, na utunzi huo hauhamishiki kwa bosi wala kwa mwenzako. Mtunzi ana haki ya kutambuliwa, ila anaweza kukubali kwa saini yake jina lisitajwe. Ndiyo maana wanaitaka saini yako. Usome upya na mkataba wa ajira, huenda kuna kifungu cha namna hiyo.

Korosho usizigombanie, hizo ni za bibi zetu wote. Gombania pweza. Kanga za Mombasa mpaka leo zinaandikwa pembeni "Mali ya Abdulla", alama ya mwenye biashara, na hakuna aliyewahi kuona Abdulla ana makuu.

Kusanya rasimu zako za penseli na picha za simu zenye tarehe. Mafaili ya ofisi usiyabebe kwenda nyumbani, watakugeuzia kibao.

Matusi na ile kahawa ni kesi nyingine, na hapa muda unakimbia. Iko sheria ya mwaka 2006 inayokataza ubaguzi wa asili na rangi kazini. Lalamika rasmi kwa maandishi, ubaki na nakala; sheria hiyo inakataza kuadhibiwa kwa kulalamika. Ukitaka fidia, dai lazima limfikie mwajiri kwa maandishi ndani ya miezi 2 tangu ujue ulivyobaguliwa, na mahakamani uende ndani ya miezi 3 baada ya dai hilo. Andika daftarini leo hii: siku, saa, neno lenyewe kwa Kijerumani chao, na nani alicheka. Aliyecheka naye ni shahidi.

Ofisi ya serikali kuu ya kupinga ubaguzi, iliyoko Berlin, inatoa ushauri bure. Mahakama ya kazi, ngazi ya kwanza, hulazimiki kuwa na wakili. Ukimweka utamlipa mwenyewe hata ukishinda. Kuhusu kibali, usiache kazi kwa hasira kabla hujaonana na mshauri wa uhamiaji.

Hukunitajia tarehe ya ule mkutano wa sinia. Ihesabu sasa hivi. Na pweza, kabla hujamgusa, mpige picha akiwa na minyiri yake saba.

Shangazi